Fimbo ya Mbali: Majibu kwa Watetezi wa Barafu ya Kukokotwa

Oktoba 1977, wataalamu wa barafu, wahandisi, mabaharia na wanasheria walikutana katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames, katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani na mbali kabisa na bahari. Walikuwa na ajenda moja: namna ya kukokota majabali ya barafu na kuyafikisha kwenye nchi zenye ukame. Mfadhili mkuu alikuwa Mwanamfalme Mohammed al-Faisal wa Saudi Arabia, aliyewahi kuongoza shirika la nchi yake la kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Ili wajumbe waionje bidhaa yenyewe, pande la barafu lililetwa kutoka Alaska kwa helikopta, ndege na lori, likakatwakatwa na kutiwa kwenye vinywaji vya wageni.

Wazo halikuanzia hapo, wala halikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Isaacs wa Taasisi ya Scripps kule California alishasema jabali linaweza kuvutwa hadi San Diego. Mwaka 2017 kampuni moja ya Falme za Kiarabu ilitangaza itavuta jabali kutoka eneo la kisiwa cha Heard hadi Fujairah. Mwaka uliofuata, Cape Town ilipokuwa ikihesabu siku za mabomba kukauka, alijitokeza Nick Sloane, bingwa wa uokoaji wa meli aliyesimamia kazi ya kuiinua meli ya Costa Concordia, akiwa na mpango wake wa kuleta jabali Afrika Kusini. Mpaka leo hakuna mji hata mmoja uliofungua bomba ukapata maji ya jabali lililokokotwa.

Wanaolitetea wazo hili si wajinga, na baadhi yao wanaijua bahari kuliko wengi wetu. Kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kicheko. Hoja zao ni zilezile kwa miaka hamsini, na kasoro yao ni moja: wanahesabu maji yaliyoko Antaktika, hawahesabu yatakayofika bombani. Tuzipitie moja moja.

Dai la kwanza: "Barafu inayeyuka bure baharini, na ni nyingi kuliko shida zetu."

Ni kweli ni nyingi. Sehemu kubwa kabisa ya maji matamu ya dunia imeganda Antaktika, na kila mwaka bara hilo humwaga baharini majabali yenye uzito wa zaidi ya tani trilioni moja. Mtu akisikia tarakimu hiyo, kisha akakumbuka foleni ya madumu kwenye kioski cha maji, ni rahisi kuona kwamba kuna mahali watu wamezembea.

Lakini utazame mto Kongo. Unamimina Atlantiki kama mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Zidisha kwa mwaka mzima, utapata tani trilioni moja na robo hivi, karibu sawa na majabali yote ya Antaktika. Maji hayo ni matamu, hayajaganda, hayahitaji meli ya kuyavuta kutoka kwenye bahari yenye dhoruba, na yanapita kando ya Kinshasa, mji wa mamilioni ya watu. Hata hivyo wako wakazi wengi wa Kinshasa ambao hawana bomba nyumbani, na Namibia iliyoko kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo imebaki na jangwa lake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wingi wa maji mahali fulani haumnyweshi aliye mahali pengine. Kinachomnywesha ni bomba, pampu, umeme, mita na mtu anayelipwa kuvitunza. Dai la kwanza linataja wingi na kukaa kimya kuhusu hayo mengine yote.

Dai la pili: "Kukokota si jambo geni. Kanada wanakokota kila mwaka."

Wanakokota kweli, na inafaa tuione kazi yenyewe kwa karibu. Mashariki ya Newfoundland kuna visima vya mafuta baharini, na majira ya kuchipua majabali kutoka Greenland huteremka na mkondo hadi huko. Jabali likielekea kwenye mtambo, meli hutumwa. Nahodha hulizunguka taratibu huku mabaharia wakiachia kamba nene ya plastiki inayoelea, hadi mzunguko ukamilike na ncha mbili zikutane. Kamba huungwa na waya wa chuma, kisha meli huanza kuvuta polepole mno. Kamba huweza kuteleza juu ya barafu iliyolainishwa na mawimbi. Jabali nalo huweza kubiringika lote, la chini likaja juu, na kazi ikaanza upya. Likikubali, hugeuzwa mwelekeo kwa nyuzi chache tu, linapita pembeni ya mtambo, linaachiwa liende zake. Huko hakuna anayelipeleka mahali, wanalikwepesha tu. Na imani yao kwa kamba hiyo ina mipaka: mtambo wa Hibernia, uliosimama huko tangu 1997, umejengewa ukuta wa zege wa kuhimili kugongwa na jabali la tani milioni moja.

Sasa linganisha na jabali alilolitaka Sloane: urefu wa kilomita moja, upana wa nusu kilomita, kina cha mita 250 hivi, uzito unaokaribia tani milioni 100. Sehemu tisa kati ya kumi za jabali huzama, kwa hiyo meli inavuta ukuta wa chini ya maji wenye upana wa mita 500 na kimo cha zaidi ya mita 200. Kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, yaani kilomita 1.8 kwa saa, ukinzani wa maji kwenye ukuta huo unafika kama tani 1,300 za mvuto. Tagi kubwa zinazohudumia visima vya mafuta huvuta tani 200 hadi 300. Ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawasemi "tutalivuta". Wanasema watausubiri mkondo ulibebe, wao waligeuzegeuze.

Kwa Cape Town, yenye safari ya kilomita 2,700 hivi kutoka karibu na kisiwa cha Gough, hoja hiyo ina mashiko fulani. Kwa Fujairah ni karibu kilomita 9,000, zaidi ya miezi sita kwa mwendo huo, kuvuka Bahari ya Hindi yote. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa habari za kusi na kaskazi. Mkondo wa Somalia hugeuka na pepo hizo, na wakati wa kusi huweza kukimbia mita 2 kwa sekunde na zaidi, mara nne ya mwendo wa hizo tagi. Pale si tagi inayoamua jabali liende wapi.

Dai la tatu: "Likifungwa blanketi halitayeyuka njiani."

Muuza samaki anajua kazi ya gunia: barafu iliyofunikwa hudumu hadi jioni, iliyoachwa wazi huisha kabla ya adhuhuri. Tena watetezi wana hoja ya kifizikia. Joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapasha maji kiasi hichohicho kutoka nyuzi 0 hadi 80. Barafu ni kaidi.

Ila gunia la muuza samaki liko hewani, limetulia, kivulini. Jabali liko ndani ya maji yanayotembea, na maji huhamisha joto haraka kuliko hewa, tena bahari haiishiwi joto. Mawimbi hulila jabali kwenye usawa wa maji, hulichimba pango pembeni, kisha sehemu ya juu iliyobaki bila nguzo huvunjika na kuanguka. Barafu ikivunjika vipandevipande, eneo linaloguswa na bahari huongezeka na kuyeyuka kunashika kasi.

Mfano tunao. Julai 2017 jabali A-68 lilijitenga na Antaktika likiwa na tani kama trilioni moja, mara elfu kumi ya lile la Sloane. Halikufika kwenye joto lolote la kutisha. Lilipozunguka karibu na kisiwa cha Georgia Kusini, kwenye maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, lilipoteza tani bilioni 152 kwa miezi mitatu. Kufikia Aprili 2021 lilikuwa limekwisha. Kwenye ikweta, maji ya juu ya Bahari ya Hindi yana nyuzi 27 hadi 30.

Basi lifunikwe. Mhandisi Mfaransa Georges Mougin, aliyeshirikiana na yule mwanamfalme tangu miaka ya 1970, hakuchoka kulitafutia jabali sketi ya kitambaa cha kuzuia joto. Kompyuta za kampuni ya Dassault Systèmes zilipoiga safari ya jabali la tani milioni 7 kutoka Newfoundland hadi Visiwa vya Kanari, likiwa limevishwa sketi hiyo, lilifika kwa siku 141 likiwa limepungua asilimia 38. Watetezi huyataja matokeo hayo kama ushindi. Lakini hiyo ilikuwa safari isiyovuka tropiki, ya bahari ya kwenye kompyuta. Sketi ya jabali la Sloane ingehitaji kuzunguka kilomita 3 na kushuka zaidi ya mita 200, yaani hekta 66 za kitambaa kabla hujafunika chini. Ingebidi itandazwe kusini mwa latitudo ya nyuzi 40, kwenye bahari ambayo upepo wake umewatia hofu mabaharia tangu enzi za matanga.

Dai la nne: "Jabali moja linatosha watu milioni moja kwa miaka mitano."

Hili lilisemwa mwaka 2017 kuhusu mpango wa Falme za Kiarabu, likazunguka dunia nzima, na wachache walichukua kalamu. Jabali, waliambiwa watu, lina galoni bilioni 20. Kwa galoni ya Kimarekani hiyo ni mita za ujazo milioni 75 na ushei. Kwa galoni ya Kiingereza ni milioni 91. Gawanya kwa watu milioni moja, kisha kwa siku za miaka mitano. Kila mtu anapata lita 41 kwa siku, au 50 ukitumia galoni kubwa zaidi.

Lita 41 ni madumu mawili ya lita 20 na kikombe juu, ya kunywa, kupikia, kuoga, kufua na kusukuma choo. Cape Town ilipokuwa kwenye dhiki yake kubwa, kuanzia Februari 1, 2018, iliwapangia wakazi wake kikomo cha lita 50 kwa siku, na dunia ikaandika kuwa mji uko ukingoni mwa maangamizi. Kwa hiyo neema iliyoahidiwa ni mgawo wa wakati wa dhiki. Katika Falme za Kiarabu mtu mmoja hutumia zaidi ya lita 500 kwa siku. Kwa matumizi hayo, maji ya miaka mitano yangekwisha kwa miezi mitano au sita. Na hesabu yote hiyo inachukulia kwamba hata tone moja halikupotea njiani.

Dai la tano: "Likishafika pwani, kazi imekwisha."

Likifika pwani ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo mipango mingi huishiwa kurasa.

Kwanza, halifiki pwani. Majabali bapa ya Antaktika, yale yanayopendekezwa kwa sababu hayabiringiki ovyo, huwa na unene wa mita 200 hadi 300. Ghuba ya Uajemi ina wastani wa kina cha chini ya mita 50, kwa hiyo Dubai na Abu Dhabi ziko nje ya mjadala. Ndiyo maana ilitajwa Fujairah, iliyo upande wa Ghuba ya Oman. Saudi Arabia ilikuwa na kizingiti chake: ukiingia Bahari ya Shamu kutoka kusini, unapita juu ya mwinuko wa chini ya bahari karibu na visiwa vya Hanish, wenye kina cha mita 137 tu. Jabali la mwanamfalme lingekwama mlangoni. Hata Cape Town, mpango ulikuwa kuliegesha kilomita 40 hivi baharini, kwenye maji baridi ya mkondo wa Benguela.

Pili, kulipakua. Sloane alipendekeza mashine zichimbe bakuli juu ya jabali, zisage barafu iwe uji, uji upigwe pampu hadi kwenye meli za mafuta zilizosafishwa. Alilenga lita milioni 150 kwa siku. Hizo ni tani 150,000, shehena ya meli kubwa ya mafuta nzima, kila siku, kwa mwaka, kwenye bahari ya rasi iliyowahi kuitwa Rasi ya Tufani, kando ya kisiwa cha barafu kinachoyeyuka na ambacho hakuna anayeweza kuapa hakitapasuka.

Tatu, joto. Kuyeyusha barafu ya kutoa mita moja ya ujazo ya maji kunataka joto la kama kilowati-saa 93. Kiwanda cha kisasa cha kuchuja chumvi hutumia umeme wa kilowati-saa 3 hadi 4 kupata maji yaleyale. Mtetezi atasema, kwa haki, kwamba joto hilo hatulipii; jua na bahari vitalitoa. Sawa, lakini lazima litolewe bila maji ya chumvi kuchanganyika na matamu, na bakuli la lita milioni 150 kwa siku linahitaji joto la megawati 580 usiku na mchana. Bahari itatoa joto hilo kwa hiari, ila litayeyusha barafu kwa pembeni na chini, yaani maji yatakwenda baharini.

Dai la sita: "Ni nafuu kuliko kuondoa chumvi."

Tutumie tarakimu za watetezi wenyewe. Mpango wa Fujairah ulitajwa kugharimu dola milioni 50 hadi 120. Gawanya kwa maji yote ya jabali zima, bila kupoteza tone, kwa galoni ile inayowapendelea zaidi, na bila gharama ya kupakua, kutibu wala kusambaza. Unapata senti 55 hadi dola 1.32 kwa mita ya ujazo, yaani kwa yuniti moja ya bili ya maji. Mpango wa Cape Town ulitajwa kuwa wa dola milioni 100 hadi 200. Kwa lita milioni 150 kwa siku kwa mwaka mmoja, ni dola 1.8 hadi 3.7 kwa yuniti.

Mwaka 2019, Abu Dhabi ilipofungua zabuni ya kiwanda cha Taweelah, maji yalinadiwa kwa senti 49 za dola kwa yuniti, yakiwa yameshachujwa na yako nchi kavu. Taweelah ilisanifiwa kutoa mita za ujazo 909,000 kwa siku. Maana yake, jabali zima la galoni bilioni 20 ni kazi ya kiwanda hicho kimoja kwa siku 83 hadi 100.

Kuondoa chumvi nako si malaika. Kunakula umeme, kunarudisha baharini maji yenye chumvi kali, na kuna siku kunashindwa: wimbi jekundu la vijimea vya baharini la 2008 na 2009 lilisimamisha viwanda kadhaa Oman na Falme za Kiarabu, na mafuta yaliyomwagika wakati wa vita vya Ghuba mwaka 1991 yalitishia mitambo ya Jubail. Muscat na miji mingine inayotegemea viwanda hivyo ina sababu ya kutafuta akiba. Lakini akiba hupimwa kwa siku zake za kusubiri. Anayeishiwa maji leo hawezi kuambiwa barafu iko njiani, itafika baada ya miezi saba.

Dai la saba: "Jabali likikaa pwani litavuta mawingu na kuleta mvua jangwani."

Hili lilitolewa pamoja na mpango wa Fujairah, na ndilo rahisi kuliko yote kulijibu. Mvua huhitaji hewa yenye unyevu inayopanda juu. Kitu cha baridi hupoza hewa iliyo juu yake, na hewa iliyopoa huwa nzito, hutulia chini. Matokeo yake ni ukungu. Ushahidi uko Afrika yenyewe: pwani ya Namibia inaoshwa na mkondo wa baridi wa Benguela mwaka mzima, siyo jabali moja bali bahari nzima ya baridi, na matokeo yake ni Namib, jangwa la ukungu. Chile nako mkondo wa Humboldt unapita kando ya Atacama, mahali pakavu kupita karibu pote duniani. Kama ubaridi wa bahari ungeleta mvua, majangwa hayo mawili yangekuwa misitu.

Dai la nane: "Halina mwenyewe, na halimdhuru mtu."

Kisheria, watetezi wana nafasi. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unahusu eneo la kusini ya nyuzi 60, na Itifaki ya Madrid ya 1991 imepiga marufuku uchimbaji wa madini huko, lakini barafu haikuhesabiwa kuwa madini. Jabali likishaelea kaskazini ya nyuzi 60, liko bahari kuu. Kwa hiyo anayelifunga kamba si mwizi. Ila kutokuwepo kwa katazo siyo kuwepo kwa utaratibu. Jabali la tani milioni 100 likikatika kamba na kuingia njia ya meli au kukwaruza nyaya za mawasiliano chini ya bahari, nani analipa? Kampuni ya bima itauliza swali hilo kabla ya mwanamazingira.

Kuhusu madhara, tuseme kweli: jabali moja kati ya maelfu ni tone. Majabali makubwa huacha nyuma yao mikondo ya maji yenye madini ya chuma, vijimea vidogo vya baharini hustawi, na vijimea hivyo hunyonya hewa ya ukaa. Ukichukua moja, Bahari ya Kusini haitajua. Lakini hapo dai linajikata lenyewe. Tukichukua machache kiasi cha kutodhuru, tutakuwa tumeupatia mji mmoja maji ya mwaka mmoja. Tukichukua ya kutosha kutatua ukame wa dunia, hatuwezi tena kusema hayamdhuru mtu.

Dai la tisa: "Mji ukikaukiwa, hakuna njia nyingine. Bora kujaribu."

Cape Town ndiyo mahali pazuri pa kulipima dai hili, maana ndiyo ilikuwa karibu zaidi na barafu, yenye bahari baridi mlangoni, yenye bingwa wa kweli wa kazi za baharini, na yenye shida ya kweli. Kama jabali lingefaa popote, lingefaa pale.

Mji haukulichukua, na haukukauka. Matumizi yalishuka kutoka kama lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015 hadi karibu nusu bilioni mwaka 2018. Hayakushuka kwa ushawishi mtupu: presha ya mabomba ilipunguzwa, bei ya maji ilipanda kwa wanaotumia sana, waliokaidi walifungiwa vidhibiti kwenye mita zao, na mashamba yalikatiwa mgawo. Februari 2018 wakulima wa chama cha Groenland walifungulia mji lita bilioni 10 kutoka kwenye mabwawa yao binafsi. Kisha mvua ikanyesha, na kufikia 2020 mabwawa yalijaa. Yalikuwepo maumivu na dhuluma ndani yake, kwa sababu wenye pesa walichimba visima uani na wasionazo walipanga foleni. Lakini maji yalipatikana mahali ambapo mabomba yalishafika.

Na kuna jambo moja la kuliweka kando ya jabali. Kwenye milima inayolisha mabwawa ya Cape Town imeota miti ya kigeni, misonobari, mikaratusi na miakasia ya Australia, inayonyonya maji kuliko mimea ya asili ya pale. Hesabu iliyotolewa wakati mfuko wa kulinda vyanzo vya maji vya mji huo unazinduliwa, Novemba 2018, ilionyesha kwamba miti hiyo huunyima mji lita bilioni 55 kila mwaka. Zidisha lita milioni 150 za Sloane kwa siku 365: bilioni 54.75. Jabali zima, na tagi zake, na sketi yake ya hekta 66, na meli ya mafuta ya kila siku, ni sawa na maji yanayonywewa na magugu ya mlimani. Tofauti ni kwamba jabali lingetoa kiasi hicho kwa mwaka mmoja likaisha, na magugu yakikatwa, na yakazuiwa kuota tena, maji yanarudi kila mwaka na kuteremkia kwenye mabwawa yaliyokwisha kujengwa.

Kazi hiyo inafanywa na vibarua wa vijiji vya jirani kwa misumeno na mapanga, na kwenye miamba mikali wananing'inia kwa kamba. Hakuna mkutano wa kimataifa wa kuitukuza wala picha ya kompyuta inayovutia wawekezaji, na kila baada ya miaka michache lazima irudiwe. Nchi yoyote kavu ina kazi zake za namna hiyo, kuanzia mabomba yanayovuja hadi mabwawa yaliyojaa tope na maji taka yasiyosafishwa yakatumika tena. Anayesema hakuna njia nyingine zaidi ya barafu aonyeshe kwanza hizo alizozimaliza.